Mti Alioumwagia Mama

Tarehe 6, mwezi wa pili

Dada,

Shikamoo. Sisi huku tupo, tunapumua. Mama anakusalimia. Amekaa hapa pembeni ananitazama ninavyoandika kama vile naiba kitu. Nimemwambia, mama, ukinitazama mkono unaganda. Akasema basi natazama ukuta. Lakini hatazami ukuta.

Miti ya marehemu baba inakwenda vibaya. Majani yamekuwa ya njano tangu mvua ziishe, na yale ya juu yanakauka nchani kama yamepitiwa na pasi. Nyasi ndiyo usiseme. Nafyeka leo, nikigeuka zimesharudi. Maparachichi yaliyotoka ni madogo, jingine ukilipasua ni ganda na kokwa, nyama hakuna. Dereva wa lori alipokuja alichukua moja akalipima mkononi, akamwambia mama, "Mama yangu, haya nikiyafikisha mjini watanicheka. Nitaendelea kupita hapa na viazi, na barua zenu nitabeba. Ila maparachichi, mwakani yakiwa haya haya, usinisubiri." Alisema kwa upole. Mama akacheka naye, akampa maji ya kunywa. Lori lilipoondoka akaingia ndani, hakutoka mpaka jua limeshuka.

Unajua mwenyewe, lori lisipochukua hatuna kitu. Na mama anasema hii miti ndiyo mume wake aliyebaki.

Redio, jirani yetu, anasema tumerogwa. Nikamuuliza nani atajisumbua kuturoga sisi. Akafikiri, akasema hilo nalo neno.

Magoti ya mama bado. Ile ngazi ya mlangoni anaipanda kwa kushika ukuta.

Huko mjini kama unasikia dawa yoyote ya miti, tuambie.

Ni mimi mdogo wako,
Bubu


Tarehe 27, mwezi wa pili

Bubu wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea huku huku kwenye chumba cha kufulia, mvuke umeilowesha, wino umetambaa, lakini nimeelewa yote. Mtu anaitwa Bubu halafu kwenye karatasi ana maneno kama mpiga mnada.

Sikiliza. Nyuma ya chumba chetu cha kufulia hapa hospitali kuna bustani ya matunda, na mzee anayeitunza ni mtu wangu, huwa namfulia makoti. Nimemsimulia habari ya miti ya baba. Akaenda na sepetu yake akarudi na hivi vipande vya mizizi unavyoviona humo kwenye kitambaa. Usikiache kitambaa kikauke. Mmea wenyewe anauita komfri.

Anasema hivi. Mzizi wa komfri unashuka chini sana, unachota chakula kule ambako mparachichi haufiki, unakipandisha kwenye majani. Wewe kazi yako ni kukata majani na kuyalaza chini ya mti. Yanaoza upesi, mti unakula. Na yanafunika nyasi zisipumue. Usipande karibu na shina. Saa sita mchana angalia kivuli cha matawi kinaishia wapi, hapo ndipo pake, unazungusha duara.

Chagua mahali kwa akili, maana ikishakaa haitoki. Nilimwambia tukikosea tutang'oa. Akanicheka. "Binti, hii ukiikata vipande kumi, umepanda kumi."

Halafu mwambie mama, kuna mwenzangu hapa anapiga pasi mashuka, tunamwita Mama Pasi. Magoti yalikuwa yanamtesa kama yake. Anachemsha haya haya majani, anakunywa kila asubuhi kama chai. Sasa anapanda ngazi anaimba. Mama naye ajaribu, si ni majani tu.

Mbusu. Najua wewe utaona aibu, lakini mbusu.

Dada yako


Tarehe 20, mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo. Mizigo imefika, na kitambaa kilikuwa kibichi bado. Dereva alisema kilikuwa kinanukia udongo njia nzima, akadhani umetutumia mhogo.

Barua nilimsomea mama kwa sauti. Unajua ninavyosoma, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Pale pa Mama Pasi akanirudisha. "Hebu soma tena hapo pa magoti." Nikasoma. "Anaimba nini?" Nikamwambia dada hakuandika wimbo.

Tumeipanda kuzunguka miti yote. Tulisubiri jua lifike katikati, mama akatangulia na fimbo anachora duara pale kivuli kinapoishia, mimi nyuma na jembe. Mzizi wenyewe nje ni mweusi kama kaa, ndani mweupe, ukiukata unateleza kama bamia. Mama alikuwa anaviweka vipande kwenye shimo kimoja kimoja, anavifunika kwa mkono, hataki nifunike mimi. Kila mti anaoumaliza anaugonga kwa kiganja. Ule wa karibu na mlango wa jikoni, ambao baba alikuwa anauegemea akivuta sigara, aliuwekea vipande zaidi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema huyu ndiye mnyonge wao.

Nilikubusia, ila ilikuwa upande wa kichwa.

Mdogo wako,
Bubu


Tarehe 11, mwezi wa sita

Dada,

Shikamoo. Nimekawia, nisamehe, kazi imekuwa nyingi na ni kazi nzuri.

Komfri imeshika. Majani yake makubwa kama masikio ya punda na yana vinyweleo vinawasha mikono mpaka kwenye viwiko. Nimekata mara ya kwanza, nikayalaza kuzunguka kila mti kama mkeka. Ulivyosema ndivyo. Baada ya siku chache yalikuwa meusi, baadaye ukiyatafuta huyaoni, yameliwa. Nyasi zimekufa chini yake. Ukiingiza kidole kwenye udongo ni baridi na kuna minyoo. Na miti, dada, imetoa majani mapya, ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mama alilishika jani moja akalisugua shavuni.

Mengine nimeyaloweka kwenye pipa, maana nilisikia maji yake ni chakula cha miti. Ni kweli ila yananuka, sijui niseme nini. Redio alikuja ameziba pua na kanga, akauliza, "Nani amekufa humo?" Mama akamwambia, "Mume wako, tulichoka kumsubiri atoke mwenyewe." Redio alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo mama ana raha. Na chai yake anakunywa. Namchemshia mimi asubuhi kabla sijaingia shambani, kwenye kile kikombe cha baba cha bluu kilichobanduka mdomoni. Anasema ina ladha ya tango lililolala na samaki. Anaziba pua, anakunywa yote, halafu anakigeuza kikombe juu chini kunionesha hakuna tone, kama mtoto aliyemaliza uji. Alianza tulipopanda tu, majani yalipofika kiganja. Jana alipanda ngazi ya mlangoni bila ukuta. Hakuimba, ila hakushika.

Anasema wewe ndiye uliyemponya yeye na miti.

Mdogo wako,
Bubu


Tarehe 2, mwezi wa saba

Bubu wangu,

Marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimechumbiwa. Habari ya mume wa Redio niliwasimulia wenzangu, sasa kila nguo ikinuka humu wanasema ni mume wa Redio.

Unajua nilivyoondoka. Mama hakunifukuza lakini hakunizuia pia, na mimi nilitaka anizuie. Nilikuwa nawaza huku kwamba sina faida kwenu, nafua damu za watu nisiowajua, nyumbani sisogezi hata sufuria. Sasa uliposema lile neno lake, kwamba nimemponya, nililiweka kifuani nikapiga pasi siku nzima sikuchoka.

Na pasi sasa ni zangu na za Mama Pasi pia, maana yeye hajaja kazini. Wanasema malaria.

Mwambie mama aendelee, asiache katikati. Dawa za majani zinataka uvumilivu. Nimeshaomba ruhusa ya msimu wa kuvuna, nitapanda lori la huyo dereva wetu. Mwambie anizuie akiniona. Safari hii aninyime mlango wa kutokea.

Dada yako


Tarehe 5, mwezi wa tisa

Dada,

Shikamoo. Miti imetoa maua. Yote, hata yule mnyonge wa mlangoni. Nyuki wamejaa, maana komfri nayo imetoa maua yake ya zambarau yanainamia chini, wanatoka huku wanaingia kule. Dereva alisimamisha lori akashuka mwenyewe, akatembea katikati ya miti mikono nyuma. Akasema, "Haya, sasa nitakuja na magunia ya kutosha." Mama alikuwa dirishani.

Hili mama amesema nisikuandikie. Mimi nitaandika kidogo tu.

Analala mchana. Alikuwa halali mchana, unamjua. Chakula anakigusa halafu anasukuma sahani upande wangu, anasema kula wewe una kazi. Mikono imekonda lakini lile gauni la kijani halifungi tena tumboni. Anasema amenenepa kwa raha. Na macho yake, dada, yale meupe ya macho, yamekuwa na rangi kama ya majani ya miti kabla hatujapanda. Nilimtazama juani nikaona. Nikamwambia. Akasema jua ndilo la njano.

Nilimpeleka zahanati kwa baiskeli, tukapewa vidonge vya malaria. Amevimaliza.

Yeye mwenyewe amesema niongeze majani. Asubuhi kikombe na jioni kikombe. Ni kwa sababu uliandika asiache katikati. Kwa hiyo nimeongeza, nachemsha na jioni.

Usimwambie kwamba nimekwambia. Mvua zimeanza mapema mwaka huu, na ni kubwa.

Bubu


Tarehe 8, mwezi wa tisa

Mdogo wangu,

Kabla hujasoma kingine chochote, inuka, nenda kamnyang'anye mama kile kikombe. Halafu rudi usome.

Mama Pasi hakuwa na malaria. Walimleta wodini hapa hapa akiwa wa njano mwili mzima, tumbo limejaa maji. Mashuka yake nimeyafua mimi bila kujua ni yake. Daktari aliwauliza ndugu zake amekuwa akinywa nini, wakasema hakuna, maji, chai, na yale majani. Daktari akauliza majani gani. Wakamwonesha. Akasema hayo hayanywewi, yanakula ini polepole, mtu anajiona amepona huku ndani anaoza. Nimemwendea mzee wa bustani nikamkuta amekaa chini ya mti wake. Akasema, "Binti, mimi nilikupa ya miti. Nani alikwambia ya watu?"

Kwa miti haina neno. Kupaka juu ya goti labda. Lakini kunywa mama aache leo, si kesho. Mpeleke hospitali kubwa, si zahanati, uwaambie waangalie ini, uwaambie alichokunywa na tangu lini. Usione aibu kuongea. Kama mdomo unakufunga wape hii karatasi.

Niandikie macho yake yakoje. Mtazame kwenye mwanga.

Barua hii nampa dereva mkononi, nimemwapisha.

Dada


Tarehe 14, mwezi wa kumi

Dada,

Shikamoo.

Barua yako imefika juzi. Dereva aliileta kwa miguu, lori ameliacha ng'ambo, akavuka kwa kamba pale mto ulipopungua siku moja. Daraja lilichukuliwa na maji mwezi uliopita, kabla yake hakuna aliyeingia huku wala kutoka, hata baiskeli. Alikuwa ameifunga kwenye nailoni, ameivaa kifuani. Alinipa, akanitazama, akatazama nyumba, akavua kofia.

Mama tulishamzika.

Sijui niandikeje. Nimefuta hapa mara nyingi, utaona karatasi imetoboka.

Alianza kusema maneno yasiyofuatana. Akawa ananiita kwa jina la baba. Tulitengeneza machela, mimi na wanaume wa huku, tukafika mtoni tukakuta hakuna daraja, maji yamejaa mpaka kwenye mashamba. Tulisimama pale. Mvua ilikuwa inampiga usoni, nikamfunika na koti. Tukarudi naye.

Asubuhi yake akawa na akili tena kidogo. Akataka kutolewa nje aone miti. Nikambeba. Alikuwa mwepesi isipokuwa tumbo. Maua yalikuwa yameshaanguka, kuna vitunda vidogo kama punje za mahindi. Akavihesabu kwenye tawi moja, akachoka, akasema, "Utamwandikia dada yako kwamba vimeshika." Nikamwambia nitaandika. Sasa nimeandika. Vimeshika.

Amelala karibu na baba, kule juu ambako mtu anaona shamba lote. Redio ndiye aliyemwosha. Siku nzima hakusema neno, mpaka watu walimwuliza kama anaumwa.

Usije sasa. Maji bado.

Bubu


Tarehe 30, mwezi wa kumi

Mdogo wangu,

Nimekuja mpaka mtoni. Hukujua. Nilikaa ng'ambo siku mbili kwenye kibanda cha wachimba mchanga nasubiri maji yapungue, hayakupungua, ruhusa ikaisha, nikarudi. Kutoka pale naona kilima. Sikujua ni kipi kati ya vile vidoti ni nyumbani.

Barua yako ya mwezi wa tisa, ile ya macho, nayo imenifikia sasa, pamoja na hii ya msiba. Zilikuwa zimelala mahali pamoja.

Nimeisoma ya msiba nikitafuta neno moja. Halimo. Umeandika machela, umeandika maua, mvua, Redio. Komfri hukuandika. Wewe ambaye huachi kuona kitu.

Sasa nakuuliza na unijibu. Alikunywa mpaka lini? Viwili kila siku, mpaka siku gani? Niambie kama ilivyo, sitakulaumu hata kidogo. Wewe ulisoma kilichoandikwa, ukachemsha kilichosemwa. Aliyeandika "si ni majani tu" ni mimi. Aliyeandika "asiache" ni mimi. Wameniondoa kwenye pasi baada ya kuunguza koti la daktari, wamenirudisha kwenye kuloweka. Chakula kinafika mdomoni kinarudi. Sijui nitaendelea hivi mpaka wapi, na sisemi hivyo kukutisha.

Na hiyo komfri ng'oa. Yote. Uichome, na majivu usiyaache shambani.

Dada yako


Tarehe 25, mwezi wa kumi na moja

Dada,

Shikamoo. Nimeng'oa kama ulivyosema. Nilianza mti wa mwisho kule chini, nikachimba mpaka kiunoni, mzizi bado unakwenda. Ukivuta unakatika. Nilichoma nilichopata, kikawaka vibaya, kibichi, moshi mtupu. Mvua ikanyesha. Sasa pale palipokuwa na shina moja yametoka mengi, siwezi hata kusema mangapi, mpaka kwenye njia pale nilipoangusha vipande nikivibeba. Yule mzee wa bustani alikwambia. Nimeacha. Nilipochimba mti ule wa chini nilikata na mizizi yake, umeangusha vitunda vyote. Siwezi kuendelea, nitaua miti ya baba, na mama alisema nikuandikie kwamba vimeshika. Narudi kukata majani na kuyalaza chini tu, kama mwanzo.

Ulichoniuliza sasa.

Dada, mama hakuwa anakunywa.

Nilitaka kukwambia mapema ila aliniapisha. Mwanzoni alikunywa, siku chache, halafu ikamshinda. Ile ladha ya samaki. Lakini wewe ulikuwa umetuma kwa moyo, na uliposema umeliweka lile neno lake kifuani akasema huyu mtoto tukimwambia ataumia. Basi mimi nachemsha, anakunywa funda moja mbele yangu, nikienda shambani anatoka nje na kikombe anamwagia mti. Ule wa mlango wa jikoni, mnyonge. Nilimwona kwa macho yangu siku nimerudi kuchukua panga. Akanikonyeza. Kile cha jioni pia, kilikwenda huko huko. Kugeuza kikombe ulikuwa mchezo wetu.

Alikuwa na ugonjwa wake wa zamani, alikuwa anatuficha. Hata Redio anasema alikuwa analalamika ubavu tangu baba yuko hai. Kwa hiyo si majani, dada. Wala si wewe.

Unaona leo mkono haukuganda, nimeandika bila kufuta. Kula chakula.

Mdogo wako,
Bubu


Tarehe 12, mwezi wa kumi na mbili

Bubu wangu,

Marahaba.

Nimeziweka barua zako mbili kwenye meza ya kukunjia mashuka. Moja ya mwezi wa sita, tango na samaki, kikombe juu chini hakuna tone, mama amepanda ngazi bila ukuta. Moja hii mpya. Nimezisoma moja baada ya nyingine, halafu nikageuza nikaanza na ile nyingine. Hii mpya kweli haina palipofutwa hata mahali pamoja. Wewe ambaye unafuta hata salamu.

Tanuri letu la kuchemshia maji lina mlango mdogo wa chuma. Ile ya mwezi wa sita nimeitia humo. Iliwaka mara moja. Na ile ya macho nayo.

Nimebaki na hii.

Leo nimekula wali kidogo na maharage, ukakaa.

Nitakuja na lori wakati wa kuvuna, dereva anasema daraja la mbao limeshawekwa. Nikifika usinipe kiti, usinipe maji. Nipeleke kwanza kwenye huo mti.

Dada yako


Tarehe 9, mwezi wa pili

Dada,

Shikamoo. Daraja ni zuri, Redio ameshalivuka kwenda na kurudi bila sababu yoyote, anasema analijaribu kwa ajili yako.

Maparachichi yameshuka mpaka matawi nimeyaegemezea nguzo. Ukilishika moja linajaza mkono. Yule wa mlangoni ndiye anayewazidi wote, dereva aliniuliza nampa nini. Nikageukia magunia, akasema haya Bubu, kaa na siri yako.

Nimeufungia kile kitambaa cha mama cha kichwa, cha bluu, kwenye tawi la chini, ili usihangaike kuuliza ni upi mbele za watu.

Asubuhi kabla sijaingia shambani nachemsha majani, kikombe kimoja. Nasubiri yapoe, maana ya moto yataunguza mizizi. Namwaga pale chini yote. Jioni kingine. Nilianza siku ile ile niliyokutumia ile barua ya mti, na sijaruka hata siku moja, hata mvua ikinyesha natoka.

Mti upo, dada. Ukifika utakuta udongo wake umelowa.

Mdogo wako,
Bubu